Shibiri za Shabani

Mwezi uliopita tulimzika Bi Tausi, mke wa mtani wangu Shabani, kule Mbuchi, na tangu nirudi sijashika tupa. Meza yangu ya kazi ipo vilevile nilivyoiacha: basi la abiria ambalo halijapata milango, kopo la gundi lililokauka mdomoni, mkasi wa bati, na vipande vya kandambili nilivyovichora duara ili nikate matairi. Mke wangu, Mama Rehema, anapita na ufagio, anatupa jicho, haulizi. Mwanamke huyu akinyamaza ujue anakuacha umalize lako. Langu ni kwamba nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja tu, mwaka niliostaafu, ambao wengi wa rika langu huuona kama mwaka wa kukaa kibarazani wakingoja kuitwa na Mola wao. Mimi simo. Ule ndio mwaka nilioanza kuunda magari madogo, na nasema bila haya kwamba kuanzia Umwe mpaka huku Kibiti hujapata kuona mtu anayekaa na bati na mbao akakutolea gari kama ninavyokutolea mimi. Wapo wanaonisifu kwa adabu, nawajua sura zao. Lakini dereva akiinama, akachungulia chini ya chesisi, halafu akacheka peke yake, hiyo si adabu tena. Hapo kazi imemwingia.

Wageni wa mjini hunikosea mara moja tu. Wanaingia, wanaona yamepangwa ukutani, malori, Landrova la hospitali, trekta la shamba la mpunga, wanasema, "Mzee, umewatengenezea wajukuu?" Nawajibu kwamba mjukuu wangu akigusa hapo atalala njaa. Mtoto huunda gari ili alivute mchangani, likivunjika aunde jingine, na raha yake ni hiyo. Mimi naunda ili lisimame, ulizunguke, ulitafute kosa, ulikose. Wiper zinalala upande zinapolala kwenye gari kubwa. Springi ni bapa saba kama ni saba, si sita. Kifuniko cha tangi la dizeli kina mnyororo wake, maana kwenye lori la kweli kisingekuwa na mnyororo utingo angekipoteza siku ya kwanza. Vijana siku hizi wanakuja na simu zao kupiga picha, wanasema, "Mzee umetisha." Naitika. Nimetisha kweli, kwa nini nikatae?

Nilikuwa fundi bodi. Umri wangu wote wa kazi niliutumia Dar es Salaam kwenye karakana, nikinyoosha magari yaliyogongwa na watu waliokuwa na haraka. Siku ya kustaafu walinipa mkono, soda na kanzu, nikarudi kwenye nyumba yangu hapa Kibiti, nyuma ya soko, nikakaa. Wiki ya kwanza nikafurahi. Wiki ya pili nikanyoosha sufuria zote za jikoni zilizobonyea. Wiki ya tatu nikaanza za majirani. Nakumbuka jikoni kwetu kulivyonuka siku ile, mihogo inachemka na mchaichai umetiwa kwenye birika, na Mama Rehema ameshika sufuria yake kubwa ya wali anaigeuza geuza kama aliyeletewa mtoto wa mwenzake. "Baba Rehema," akaniambia, "sufuria hii ilikuwa inakaa imara mafigani kwa sababu ya lile bonde lake. Sasa inateleza. Jitafutie mtu wa kukaa naye, mimi nimeolewa na mume, sikuolewa na nyundo." Nilikasirika siku nzima. Na alikuwa na haki, lakini sikumwambia.

Mtu wa kukaa naye alijileta mwenyewe. Shabani alikuwa dereva mstaafu, mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye vidole vidogo na sauti kubwa isiyolingana na kifua chake. Kwao ni Mbuchi, kule mikokoni, lakini wakati ule alikuwa amepanga chumba na mkewe Bi Tausi karibu na msikiti, nyumba tatu kutoka kwangu. Yeye Mndengereko, mimi Mmatumbi, kwa hiyo tukawa watani kabla hatujajuana vizuri. Alikuja asubuhi ya kwanza kutafuta kahawa, akaniona nimeshika sufuria, akasema, "Wamatumbi mmeshuka milimani kutuharibia vyombo." Nikamwambia Wandengereko wamezoea kula kwenye magome ya mikoko, sufuria wameijua juzi. Mama Rehema akaleta kahawa na kashata, akatuacha. Toka siku ile asubuhi zetu zikawa hivyo. Tukikaa kwenye chumba changu cha mbele, ambacho zamani kiliwekwa magunia ya mpunga na mpaka leo ukifagia pembeni unaokota chenga, dirisha linaangalia barabara, na yeye kila gari likipita alikuwa analitaja kwa mlio tu, ameipa barabara mgongo.

Alikuwa na gari moja ambalo hakumaliza siku bila kulitaja. Lori la Bedfodi la zamani, mali ya tajiri mmoja aliyekwishafariki, kichwa cha chuma, bodi la mbao lililochongwa hapahapa, na usoni kwenye paji limeandikwa TUTAFIKA. Shabani aliliendesha tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe. Kabla ya lami hii na kabla ya daraja, wakati masika yakianza barabara inageuka uji, Tutafika lilikuwa linateremka mpaka pale njia inapokwisha na abiria wanakabidhiwa kwa mitumbwi, linarudi na mpunga, nazi, kamba wakavu, wagonjwa, maiti na maharusi. Lami ilipokuja likaja basi, na tajiri alipokufa Tutafika likaegeshwa pembeni ya barabara kuu, pale njia panda, likaota majani. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Shabani akipita hapo alikuwa anaangalia upande wa pili.

Ugomvi ulioleta haya yote ulikuwa wa madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu. Nilisema madigadi ya Bedfodi zile yalikuwa na ukingo uliokunjwa kwa ndani. Akasema kwa nje. Nikamwambia mimi nimenyoosha madigadi hayo mpaka mikono ikaota sugu. Akasema, "Wewe umeyanyoosha yakiwa yamegongwa, Athumani. Mimi nimeyaona yakiwa mazima." Loo! Niliingia ndani nikachukua debe tupu la mafuta ya kula, nikakata, nikagonga juu ya mchi, kabla ya adhuhuri nikatoka na digadi dogo la kukaa kiganjani, ukingo umekunjwa kwa ndani. Nikamtupia mapajani. Akaligeuza kwa vidole vyake vile vidogo mpaka nikaanza kuona haya. Halafu akasema, "Sasa litavaa gurudumu gani?" Nikaunda gurudumu. Akasema gurudumu halikai hewani. Nikaunda ekseli kwa ufito wa mkoko aliouleta yeye. Kabla ya mwezi kwisha Mama Rehema alikuwa amehamishia magunia yake chumba cha nyuma bila kuombwa, na sufuria zake zikapumzika.

Basi siku moja niko dukani nanunua lehemu, nikasikia wawili wanazungumza nyuma yangu wakipimiwa sukari. "Lile gari bovu la njia panda limepata mteja." "Nani analitaka lile?" "Watu wa vyuma chakavu. Warithi wameuza, kesho wanakuja na gesi ya kukatia." Sikungoja hata lehemu yenyewe. Nilimkuta Shabani anakula, wali na kamba wa nazi, Bi Tausi amekaa pembeni yake anampepea nzi kwa ncha ya kanga. Nilipomwambia akaacha kula. Akanawa mkono taratibu, kila kidole, ndipo akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Athumani, tuache kuunda Bedfodi. Tuunde Tutafika. Nataka mtu aliyepata kulipanda akiliona aseme, ni lile. Akisema linafanana, mimi na wewe tumeshindwa." Bi Tausi akasema, "Kula kwanza." Hakula. Wali ule uliliwa na mimi, na nakumbuka mpaka leo ulivyokuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Asubuhi tulifika sisi kabla ya wenye gesi, lakini si kwa muda wa kutosha. Walikuwa vijana watatu wa Dar wenye mtungi na miwani myeusi. Mkubwa wao alituamkia vizuri, "Shikamooni wazee wangu," akasikiliza shida yetu mpaka mwisho, akaangalia jua. "Mimi nawaelewa kabisa. Ila sisi tunapiga kazi tunasepa, gari la kubebea limekodiwa. Tunaanzia mbele. Pimeni, tukiwafikia mnapisha." Tulikuwa na futi moja tu ya chuma, yangu. Hesabu ya mfano ilikuwa nyepesi: futi moja ya lori ni inchi moja ya mezani. Nikarukia kichwa kwa kuwa ndicho kinachoanza kukatwa, nikapima boneti, paji, milango, kioo, kila kitu, cheche zinanirukia kanzuni. Shabani akapiga kelele kutoka nyuma, "Na bodi?" Nikamjibu, "Futi ni moja, mtani!" Akasema, "Mimi nina mkono." Akaanza kupima bodi kwa shibiri, toka ncha ya kidole gumba mpaka ya kidole cha mwisho, anatembeza mkono kwenye mbao kama mtu anayempapasa ng'ombe wake, anataja kwa sauti na mimi naandika yote kwa chaki kwenye ubao mmoja. Urefu wa bodi, kimo cha mbao za ubavuni, nafasi kati ya bodi na kichwa, mahali nguzo za turubai zinaposimama. Chini hatukupima kitu, chesisi ya nyuma ilikuwa imezama kwenye udongo na nyasi. Kabla ya saa sita moto ulifika kwenye bodi tukapisha. Shabani hakuondoka. Alisimama mpaka ubao wa mwisho ulipopakiwa, akapeana mkono na wale vijana wote watatu, akashukuru.

Ubao ule niliutundika ukutani juu ya meza, na kazi ikaanza kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo. Kichwa kilinichukua kiangazi chote. Shabani alikuwa haundi kitu, kazi yake ilikuwa kukataa. Rangi ya kwanza aliikataa, ya pili akaikataa. "Buluu yake ilikuwa imechoka," akasema, "hiyo yako imeamka sasa hivi." Nikaisugua kwa msasa na majivu mpaka ikachoka. Taa za mbele zilikuwa vifuniko vya chupa za dawa ya sindano, kioo nilikikata kwenye chupa ya maji nikakipasha moto kikapata mviringo wake, na ule upande wa kulia niliubonyeza kidogo kwa makusudi, kwa sababu aligonga mnazi alipokuwa kijana na tajiri akakataa kulinyoosha. Kwangu mimi fundi bodi kubonyeza bati zima! Nilipomaliza akapitisha kidole kwenye ule ubonyeo, hakuukataa, na mimi nikajua nimepata. Hakuna cheti nilichopewa karakanani kilichonivimbisha kichwa kama siku ile.

Masika yalipoanza miguu ya Shabani ikavimba. Bi Tausi akaamua warudi Mbuchi, waliko dada zake wa kumsaidia kumnyanyua. Aliondoka amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari la watu, anamkosoa dereva. Bodi lilikuwa halijaanza. Akaniambia kupitia dirishani, "Vipimo unavyo. Usikate mbao mpaka mvua ikatike, zitapinda." Mvua haikuwa imekatika nilipopigiwa simu kwamba ametutoka. Njia zilikuwa mbovu, nikafika kaburi limekwisha kufukiwa na watu wanakunywa chai. Mtani msibani ana kazi yake, lazima uwachekeshe wafiwa, udai vitu vya marehemu, ulale mlangoni mpaka wakupe kuku. Watu waliniangalia wakingoja. Mimi nikakaa kwenye mkeka nikashindwa hata neno moja. Wakaniacha.

Kwa hiyo unaelewa nilirudi Kibiti na hamu gani ya kulimaliza lile bodi. Mvua ikakatika, nikaweka ubao wa chaki mbele yangu, nikatanua mkono wangu, nikapima shibiri kwa futi, nikapiga hesabu, nikakata mkangazi, nikapiga randa, nikaunga kila ubao na misumari niliyoichonga kwa waya. Kazi safi. Nikalikalisha nyuma ya kichwa. Astaghfirullahi. Bodi lilikuwa kubwa, limemeza kichwa, kama mtoto aliyevalishwa kanzu ya babu yake. Nikarudia hesabu. Nikairudia tena. Nikailaumu mbao, nikalaumu jua, nikamlaumu Shabani, Mungu amrehemu, kwamba alipima ovyo kwa sababu ya majonzi. Mama Rehema akaja na chai, akasimama mlangoni akinisikiliza ninavyogomba peke yangu. "Umepimaje?" Nikamwambia kwa shibiri, alivyotaja yeye mwenyewe. Akaweka chai, akanishika mkono wa kulia, akautanua juu ya meza kama anayenisoma kiganja. Mkono wangu umegonga bati maisha yake yote, ni mpana kama sepeto. "Baba Rehema. Hata seremala wa kijijini asiyejua kusoma, ukienda kuagiza kitanda cha shibiri kadhaa, neno lake la kwanza ni nini?"

Nikalijua jibu kabla hajalisema. Kwetu seremala hukuuliza, shibiri za nani? Hukwambia nipe mkono wako, anaulaza kwenye ufito anaweka alama, ndipo anaanza kazi. Nimezaliwa nalo jambo hili. Miaka ya karakana na futi za chuma ilikuwa imelifuta. Shabani alitaja shibiri zake na mimi nimekata zangu, na shibiri zake ziko Mbuchi, chini ya udongo. Mama Rehema akasema, "Si ulipunguze tu kwa macho? Nani atajua?" Nikamwambia nitajua mimi. Ningepunguza kiasi gani? Chesisi ilishayeyushwa, picha hakuna, na kila mzee niliyemuuliza alinyoosha mikono hewani, huyu hivi, yule hivi. Ningelitoa lori zuri sana, na watu wangesema linafanana. Niliiona sura ya Shabani ananawa kidole kimoja kimoja. Nikalifumua bodi lote, ubao kwa ubao, nikazifunga mbao kwa kamba nikaziweka juu ya kabati. Miezi ile meza ilikuwa na kichwa kisicho na mwili, na nilikula chakula changu nimekipa mgongo kichwa kile.

Sikuweza kwenda mara moja. Bi Tausi alikuwa edani, na mwanamume hajipeleki tu kwa mjane aliye edani kumsumbua na mambo ya mbao. Nikangoja eda iishe. Ilipokwisha, nikavaa kanzu, nikaweka futi mfukoni, nikafunga safari ya Mbuchi. Nilimkuta uani kwake, amekwisha kubadilisha nguo, amevaa kanga ya manjano, anapepeta mchele na dada yake. Nikasimama mlangoni, nikapaza sauti: "Hodi! Nimekuja kudai haki yangu ya utani niliyoiacha siku ya msiba. Msiponipa nalala hapa kizingitini mnivuke." Dada yake akashtuka. Bi Tausi akaweka ungo chini, akaniangalia juu mpaka chini. "Aka! Mmatumbi umechelewa. Kuku wameliwa na Wandengereko wenzake." "Sitaki kuku." "Unataka nini?" "Nataka mkono wa marehemu," nikasema, na utani wangu wote ukaniishia hapo hapo.

Nikamweleza. Alisikiliza huku anaokota chuya kwenye mchele kimoja kimoja. Nikamuuliza kama kuna kitu chochote ndani ya nyumba ile alichokipima marehemu mwenyewe kwa mkono na yeye anakumbuka kipimo. Akacheka, kicheko cha kweli, akamwambia dada yake, "Ananiuliza kama nakumbuka!" Akanyanyuka, akanipeleka chumba cha ndani. Kulikuwa na kitanda cha kamba, miguu yake ya mbao ngumu, kamba zimesukwa vizuri, kimetandikwa shuka lenye maua. "Alikichonga kabla ya harusi," akasema. "Kila mgeni aliyeingia nyumba hii kaambiwa. Shibiri tisa kwa tano, haizidi haipungui. Ndugu zangu walikuwa wanamkimbia akianza. Mimi nikigombana naye nilikuwa namwambia, nenda kalale kwenye shibiri zako tisa." Nikapiga magoti, nikatoa futi, nikapima toka mguu mpaka mguu. Nikagawanya kwa tisa. Nikapima na upana nikagawanya kwa tano. Hesabu mbili zikanipa mkono mmoja, sawasawa, mkono mfupi kuliko wangu kwa upana wa kidole na zaidi. Basi nikautandaza mkono wangu pembeni ya futi nikauona wake, ulipoishia. Nililia pale chini kama mtoto, futi mkononi. Bi Tausi alitoka akaniacha, na baadaye nikasikia mchi unaanza kutwanga.

Nilirudi na kipande cha ufito chenye alama mbili, na sikulala mchana hata siku moja mpaka bodi likakaa. Mbao zilezile, nimezipunguza. Nilipolisukuma nyuma ya kichwa, nafasi iliyobaki kati ya bodi na kichwa ilikuwa ile ya mtu mmoja kusimama kiubavu, na hapo ndipo utingo alikuwa anasimama, kila mtu anajua. Sikuwa nimelipanga hilo. Lilitoka lenyewe kwenye shibiri zake. Nikamwita Mama Rehema, akaja na mikono ya unga, akaangalia, akasema, "Ee. Hilo sasa ni gari." Nikaandika TUTAFIKA kwenye paji kwa unyoya wa kuku, herufi ya mwisho imebanana kwa sababu mwandishi wa kwanza naye alikosa nafasi.

Mwishoni mwa mwaka ule Bi Tausi alikuja Kibiti harusini kwa mpwa wake, akapita kwetu. Alikula kwanza, wali wa nazi na samaki wa kupaka, akamsifu Mama Rehema, akauliza habari za kila mtu. Nilikuwa nimekaa pale najifanya simwoni akiliangalia lori pale mezani. Hatimaye akanawa, akasogea mezani, akainama. Hakusema limependeza. Akanyoosha kidole akakiweka ndani ya bodi, kona ya mbele kushoto, nyuma ya ile nafasi ya utingo.

"Nilikaa hapa," akasema. "Juu ya mpunga. Nimefunikwa kanga mbili, nalia, shangazi zangu wanaimba. Alikataa nikae naye mbele, alisema kuna dizeli itanichafulia kanga mpya. Kutoka kwetu mpaka kwao, kila penye shimo alikuwa anasimamisha gari, anashuka, anakuja mpaka hapa ubavuni anagonga ubao. 'Bibi harusi, upo?' Shangazi wanamfukuza. Anarudi mbele, tunakwenda kidogo, anashuka tena. Tulifika usiku kwa sababu yake."

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akafungua mlango wa dereva kwa ukucha, akachungulia kiti, usukani, gia yenye kirungu cha shanga nyeusi. Alipoinua kichwa nikanyoosha mkono niufunge ule mlango, maana bawaba zake ni waya mwembamba.

"Uache," akaniambia. "Ameshuka mara moja."

Nikaurudisha mkono wangu.